Mtoto Si Mkongojo

Mlowo ni mji wa watu wanaojivunia kujiweza. Ukitoka Mbeya kwenda Tunduma kwa barabara kuu ya Zambia unaupitia kabla ya kufika Vwawa, na kinachokupokea ni magunia: mahindi na maharage ya wilaya hii ya Mbozi, mpunga na ufuta unaopandishwa kutoka Kamsamba, na msimu wake ukifika, kahawa. Hapa mtu hupimwa kwa alicholima, alichonunua na alichopakia. Kijana mwenye nguvu zake akikaa kuomba hupewa maneno kabla ya kupewa shilingi. Lakini mji huu huu umeridhia, bila ubishi wowote, kwamba mtu yule yule akivuka miaka 60 ataoshwa, atalishwa na atabebwa. Mzee akianguka asubuhi, mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia umelegea, majirani watafika, watatoa pole, na kabla jua halijatua atakuwepo mtu wa kuitamka kauli inayofunga mjadala: uzee ndio huo, na bahati nzuri watoto wapo.

Kauli hiyo ni ya upole, na ndiyo maana haijibiwi. Ina madai mawili ndani yake, na ninayakataa yote mawili. Kulala kitandani miaka minane ukigeuzwa ubavu si uzee. Mara nyingi ni matokeo ya mambo yaliyofanyika, au yaliyoachwa kufanyika, mtu akiwa na miaka kati ya 30 na 60, na mengi ya hayo yalikuwa mikononi mwake. Watoto nao, hata wawe wema kiasi gani, wanaweza kukutunza lakini hawawezi kukurudishia kinachoondoka siku mwili unapogoma, yaani uwezo wa kuamua mambo yako.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kujitegemea kwa mzee wa Mbozi si kuishi peke yake kwenye nyumba yenye geti, akila chakula cha kopo na kuzungumza na paka kama wale wa kwenye filamu. Kujitegemea kwake kumo katika mambo madogo ambayo hayatajwi mpaka yanapokwisha. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. Kuchuchumaa na kuinuka kunadai mapaja yenye nguvu, magoti yanayokunjika na kichwa kisicho na kizunguzungu. Asiyeweza tena tendo hilo peke yake amepoteza faragha yake yote kwa siku moja, maana sasa lazima awepo wa kumshika kwapani, na mara nyingi huyo ni mkamwana, ambaye kwa adabu ya ukoo hakupaswa hata kumkuta baba mkwe wake amevua shati. Mkono nao. Ugali huliwa kwa mkono wa kulia. Kiharusi kikipiga upande huo, mzee anabaki kumega tonge kwa kushoto mbele ya wajukuu aliowafundisha yeye mwenyewe kwamba hivyo ni utovu wa adabu, au anasubiri kulishwa. Na kwa kuwa kwa watu wengi upande wa ubongo unaoongoza mkono wa kulia ndio unaoongoza pia lugha, mara nyingi maneno huondoka pamoja na mkono. Aliyekuwa akiitwa kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba anabaki na sauti moja tu, na watu wanakisia anataka maji au anataka kugeuzwa.

Dai la kwanza, kwamba huo ndio uzee, linaweza kupimwa, na limepimwa hapa hapa Tanzania. Kati ya 2003 na 2006 watafiti waliwafuatilia wakazi wa Hai, Kilimanjaro, na wa sehemu ya Dar es Salaam, wakihesabu waliopata kiharusi. Wakasawazisha umri, ili mji uliojaa vijana usilinganishwe kijinga na kijiji chenye wazee wengi. Hai ikaonekana kuwa na wagonjwa wapya kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ikawa na karibu 316. Nchi ni ile ile, umri umeshasawazishwa, na bado tofauti inakaribia mara tatu. Kama kiharusi kingekuwa sehemu ya umri jinsi zilivyo mvi, kingeota sawa kila mahali. Kinachotofautiana kati ya Hai na Dar es Salaam ni namna watu wanavyokula, wanavyotembea na wanavyokaa, na mambo hayo hayaletwi na kalenda.

Nje ya Afrika hesabu ya namna hii imefanywa kwa muda mrefu zaidi. Watu 1,741 waliosoma Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliulizwa habari za maisha yao mwaka 1962 wakiwa na wastani wa miaka 43, kisha wakafuatiliwa kila mwaka kuanzia 1986. Ripoti iliyotolewa 1998 ilieleza kwamba wasiovuta sigara, wasio wanene kupita kiasi na waliokuwa wakifanya mazoezi walianza kupata ulemavu zaidi ya miaka 5 baada ya wenzao wenye tabia kinyume na hizo. Wapinzani walikuwa wamehofu kwamba mtu akiishi muda mrefu zaidi ataongeza tu miaka ya kuugua. Haikuwa hivyo. Ulemavu ulichelewa kuja, na ulipokuja ulikaa muda mfupi karibu na mwisho. Miaka 5 ni misimu mitano ya kahawa ambayo mtu anaikagua kwa miguu yake badala ya kuhadithiwa.

Hapo mkulima wa Mbozi hucheka. Hai ni shamba, na sisi pia ni wa shamba. Jembe ndilo zoezi letu, hayo mengine waachie wanaovaa traksuti mjini. Hoja hii inanisumbua kuliko nyingine kwa sababu nusu yake ni kweli. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi walipopimwa ilionekana kwamba kwa siku hutembea, huchimba mizizi na kukusanya chakula kwa zaidi ya saa 2 kwa bidii inayoongeza mapigo ya moyo, wazee wao wakiwemo, na presha ya kupanda kwao ni nadra. Hata wakipumzika, sehemu ya muda huo huchuchumaa au hupiga magoti, hivyo misuli ya miguu haikai bure. Mwili unaotumika hudumu. Kwa hilo mkulima yuko upande wangu, na mimi upande wake.

Nusu ya pili ndiyo yenye kasoro. Katika miaka ya 1992 hadi 1995 mradi mmoja wa kuhesabu vifo vya watu wazima nchini ulikuta kwamba wanaume wa Hai wenye miaka 15 hadi 64, watu wa jembe kabisa, walikufa kwa kiharusi kwa kiwango cha takriban mara 4 ya wanaume wa umri huo Uingereza. Miaka kadhaa baadaye wazee wa Hai wenye miaka 70 na zaidi walipimwa presha, na kama 7 kati ya 10 walikutwa nayo, chini ya nusu yao wakiwa wanajua. Jembe lilikuwa mikononi mwao maisha yao yote. Anayetaka ushahidi wa mbali zaidi atazame Karelia ya Kaskazini, jimbo la wakulima na wakata magogo nchini Ufini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaume wa huko walikuwa wakifanya kazi ngumu kuliko watu wengi wa Ulaya, na walikuwa wakifa zaidi kwa ugonjwa wa moyo kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Siagi, chumvi na sigara vilikuwa vikiwaua wenye misuli ya chuma. Mwaka 1972 mradi ulioongozwa na daktari kijana, Pekka Puska, ulianza kubadili chakula cha jimbo zima, kuanzia jikoni mwa akina mama mpaka kwenye viwanda vya maziwa na soseji. Katika muda wa miaka kama 40 vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hawakuongezewa jembe, walilokuwa nalo lilikuwa linatosha.

Tena kazi ngumu na mazoezi si kitu kimoja. Mtazame mbeba mizigo wa Mlowo akiweka begani gunia la lumbesa, lile lililoongezwa kofia juu mpaka likapita kilo 100 zinazoruhusiwa, akapanda nalo ubao kuelekea juu ya fuso. Akifika miaka 45 mgongo wake ni wa mtu wa 70. Kazi ile haimjengi, inamla. Kwa upande wa pili wa mzani yupo tajiri wake, ambaye zamani alilima na sasa analimisha. Ana vibarua shambani, pikipiki ya kumpeleka msikitini au kanisani, na kiti cha plastiki mbele ya duka anachokikalia kuanzia asubuhi. Kwa desturi yetu hiyo ndiyo tuzo ya kufanikiwa: kuacha kutembea. Wote wawili watakwambia kwamba watu wa hapa wanafanya mazoezi kwa kazi zao, na wote wawili wako njiani kuelekea kitanda kile kile, mmoja kwa kutumia mwili kupita kiasi na mwingine kwa kutoutumia.

Chakula kinahitaji kusemwa kwa urefu, kwa sababu hapa Songwe tuna kiburi cha ghala lililojaa. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi mahindi, na malori yake yanavuka mpaka wa Tunduma. Hata hivyo takwimu za kitaifa za 2022 zilionyesha kwamba karibu theluthi moja ya watoto wake walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Ghala kujaa ni jambo moja, na sahani kuwa na mlo kamili ni jambo jingine kabisa. Mahindi yakifika mashineni hukobolewa, kiini na ganda huenda kwenye gunia la pumba, na tunachopika ni wanga mweupe. Nguruwe ndiye anayepata nyuzinyuzi, madini na vitamini. Mwenye nguruwe anapata sembe. Dona inatoa unga mwingi zaidi kutoka debe lile lile na hukaa tumboni muda mrefu, ila imepewa sifa ya chakula cha shule na cha jela, basi anayeanza kupata hela anaikimbia. Sharti lake moja ni la kweli na lisifichwe: mahindi ya dona lazima yawe yamekaushwa na kuhifadhiwa vizuri, maana sumukuvu hukaa zaidi kwenye sehemu zile zile zinazokobolewa. Mkulima anayejua kukausha mahindi ya kuuza anaweza kukausha na ya kula.

Juu ya sembe hiyo tunaongeza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha iliyo ndani ya dagaa, mkate, chipsi na mchuzi. Kibandani kando ya barabara kuu kile kichupa cha chumvi kiko mezani, na watu wanakitikisa kabla ya kuonja. Presha inayopanda kwa sababu hiyo haiumi. Utafiti wa taifa wa 2012 ulikuta kwamba mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 25 hadi 64 anayo, na wengi wanaigundua kwa kuanguka. Komoni na kimpumu vina utetezi wa mila, nami sina ugomvi na chungu kinachozungukwa na wazee jioni ya sikukuu. Ugomvi wangu ni na pombe ya kila siku, kuanzia saa nne asubuhi, siku ambayo ingepaswa kuwa ya kazi. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba Machi 2017 iliondoa pakiti, haikuondoa kiu.

Kitambi kina habari yake, na hapa lazima tuwe waungwana kabla ya kulaumu. Katika ukanda huu wa barabara kuu, ambao ukimwi uliupiga vibaya, mtu aliyepungua mwili miaka ya 1990 alikuwa anahesabiwa siku. Mke akikonda majirani walinong'ona, dereva akikonda abiria walinong'ona. Unene ukawa cheti cha afya anachotembea nacho mtu hadharani. Kizazi kilichozika ndugu zake kwa wembamba hakiwezi kuambiwa kwa bango moja kwamba sasa wembamba ni mzuri. Lakini dawa za kufubaza virusi zimekuwepo kwa miaka mingi, na anayezimeza anaishi, ananenepa na anazeeka. Hofu ile imebaki ikilinda kitu ambacho sasa kinatudhuru. Daktari anapomwambia mama wa miaka 50 apunguze kilo kumi kwa ajili ya magoti yake na sukari yake, anamwambia pia akubali kusemwa sokoni, na ushauri usiotambua hilo utaishia mlangoni mwa zahanati.

Sasa dai la pili, watoto wapo. Wapo wapi? Wako Tunduma wanabadilisha fedha, wako Dar es Salaam, wako Chunya kwenye dhahabu, na waliobaki wana watoto wao. Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote. Zanzibar ilianza kuwalipa wenye miaka 70 na zaidi mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, ikaongezwa baadaye. Mkulima wa Mlowo hana hata hizo, isipokuwa kama kaya yake imeingia kwenye orodha ya kaya maskini ya TASAF. Kwa hiyo mzigo wote unaangukia ukoo, na tukisema ukoo tunasema mwanamke mmoja. Kaka watachanga kwa simu, wataulizia hali, watamsifu. Binti au mkamwana ndiye anayeacha palizi, anayefua mashuka alfajiri, anayenunua pampasi za watu wazima dukani kwa bei inayozidi bei ya mboga za wiki nzima. Akizidiwa, mjukuu wa kike anaanza kukosa shule siku mbili tatu kwa wiki. Katika Hai, walipohesabiwa watu wanaoishi na ulemavu wa kiharusi, zaidi ya nusu walihitaji msaada kwa angalau jambo moja la kila siku kama kuoga, kuvaa au kula. Nyuma ya kila mmoja wao alikuwepo mtu ambaye hakuhesabiwa.

Wanaosema watoto wapo hudhani wanazungumzia upendo. Mimi nauliza kuhusu madaraka. Mzee akiwa mzima, watoto wanapiga simu kuomba ushauri juu ya shamba; akiwa kitandani, wanapiga simu wao kwa wao. Bili ya hospitali ikifika ekari moja inauzwa, na karatasi inaletwa kitandani. Kidole gumba kinashikwa, kinapakwa wino, kinabonyezwa mbele ya mashahidi. Huenda watoto wana nia njema kabisa na ekari ile kweli inamtibu. Lakini aliyeilima miaka 40 hakuulizwa kama anataka kutibiwa kwa bei hiyo, na kama aliulizwa hakuweza kujibu. Sheria inamtambua kama mwenye mali. Mwili wake umemfanya mgeni katika mali yake.

Nitajibiwa kwamba huu ni Uzungu, kwamba Mwafrika hutegemewa na hutegemea, na kumfundisha mzee ajitegemee ni kumtenga na wanawe. Hoja hii inageuza mambo. Utegemezi wetu wa asili ulikuwa wa kupokezana. Bibi aliangalia wajukuu wakati mama yuko shambani, babu alijua mbegu ipi inavumilia jua na nani alikopa nini. Kijana alileta kuni na maji. Mzee alipewa kwa sababu alikuwa anatoa, na alitoa kwa sababu alikuwa anaweza kusimama. Tangu Azimio la Arusha la 1967 tumeimba kujitegemea kama jambo la taifa, la kiwanda na la shule, tukasahau kwamba taifa hilo linakaa ndani ya miili. Mzee mwenye miguu yake ndiye anayefika kwenye kikao cha ukoo. Asiye nayo hutajwa kwenye kikao hicho, chini ya ajenda ya michango.

Hoja nzito kuliko zote ni ya umaskini, nami siibishii kwa wepesi. Kumwambia mtu anayekula mlo mmoja ale vizuri ni kumtukana. Kumwambia apime presha wakati mashine ya zahanati haina betri ni kumkejeli. Utaratibu wa kuwasamehe gharama wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo upo, lakini msamaha haumezwi. Kama vidonge vya presha havipo dirishani, mzee ataandikiwa akanunue dukani, na mwezi wa pili hatanunua. Anayehubiri tabia njema bila kudai vidonge hivyo anawaondolea wakubwa mzigo na kuuweka kwa mgonjwa. Hilo nalikubali lote. Nisilolikubali ni hitimisho lake, kwamba basi mpaka serikali itimize wajibu hakuna la kufanya. Tazama tabia zinazotuangusha Mlowo na uulize kila moja inagharimu kiasi gani. Soda ina bei, maji ya kuchemsha yana bei ndogo zaidi. Bia, sigara na safari ya bodaboda ya dakika kumi zote zina bei; kutembea hakuna. Chumvi isiyomwagwa inabaki kwenye pakiti. Kwa tabia nyingi tunazozungumzia, maskini ndiye ambaye bado hajaharibikiwa, na anayeharibikiwa ni yule aliyeuza mahindi vizuri mwaka jana.

Nchi hii iliwahi kulijua hilo ikiwa na fedha kidogo kuliko leo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 wakiwa wamefundishwa, redio moja katikati na kitabu mkononi. Walisikiliza habari za malaria, kuhara na kichocho, wakajadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hakuna aliyewaambia wasubiri utajiri. Ukilinganisha na hapo, agizo la Desemba 2016 la kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi lilikuwa jema lakini jembamba: viongozi walikimbia, picha zikapigwa, na mkulima akathibitisha alichokuwa akikiamini, kwamba afya ni jambo la wenye raba. Kampeni ya 1973 ilikaa kwenye shughuli za watu wenyewe, hii ya pili ilihitaji watu waje kwenye shughuli yake.

Kuna pia yule babu aliyevuta sigara na kunywa kila siku akafika miaka 90. Kila kijiji kinaye mmoja, na ndiyo sababu anajulikana. Wenzake waliovuta naye hawawezi kuitwa kutoa ushahidi. Wapo wanaosema kiharusi ni upepo mbaya, ni jini, ni mkono wa mtu. Watafiti waliozungumza na familia za Hai na za Temeke, Dar es Salaam, waliyasikia hayo hayo, hasa Temeke. Sitakejeli imani ya mtu. Nataka tu waeleze kwa nini upepo huo unawapenda wenye presha.

Na kwa anayesema kwamba kwake jua limeshazama, jibu lipo pia, ingawa si la kumfurahisha kupita kiasi. Marekani, watu 1,635 wenye miaka 70 hadi 89, wasiozoea kujishughulisha na ambao miguu ilishaanza kuwasumbua, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitembea na kufanya mazoezi ya nguvu na usawa kwa ratiba. Jingine lilipewa mafunzo ya afya. Baada ya miaka miwili na nusu hivi, walioshindwa kutembea mita 400 walikuwa asilimia 30 katika kundi la kwanza na zaidi ya 35 katika la pili. Tofauti hiyo, iliyotangazwa 2014, haiwezi kuitwa muujiza. Inaonyesha kwamba kuanza ukiwa na miaka 75 kunasaidia baadhi, na kwamba faida kubwa imelala nyuma, kwenye miaka ya 40, wakati ambapo hakuna kinachouma na hakuna anayetaka kusikia.

Watu wa umri huo Mlowo hawapatikani kwenye zahanati, wanapatikana mahali penye mzani. Msimu wa kahawa wanapanga foleni AMCOS, kwenye chama chao cha ushirika, na kila mmoja anajua uzito wa kahawa yake, na atagombana na karani kwa nusu kilo. Namba mbili za presha yake hazijui. Mashine ya kupimia ni ndogo kuliko mzani ule, na inahitaji mhudumu mmoja mwenye daftari, meza na kivuli cha mti. Halmashauri ikisema haina fungu, basi makato ya kila kilo yanajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa wanachama, na ajenda inaweza kuletwa na mwanachama yeyote.